Kitimoto 40 na kona moja ya duara: kisa cha ngome ya Rochester, Uingereza

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenda historia na wapenda majengo. Wale ambao nguruwe hatajwi nyumbani kwao wanisamehe mapema, maana humu atatajwa sana.

Naishi Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na siku ya mapumziko mvua ikinionea huruma huwa napita Rochester. Ni mji mdogo kando ya mto Medway. Ukipanda treni London, saa haijaisha umeshashuka. Ukivuka daraja tu, unakutana na mnara wa mawe ya kijivu umesimama juu ya mto kama askari aliyesahauliwa kwenye lindo. Siku ya kwanza nilifanya kama wageni wote, nikainua simu nipige picha. Halafu nikazunguka nyuma, nikasimama. Kona tatu za mnara ni za mraba, zimechongwa kwa ukali kabisa. Ya nne, ya kusini-mashariki, ni duara. Nikajisemea fundi alichoka, au mawe ya pembe yalimwishia.

Kumbe ile kona ilianguka Novemba 1215, na aliyeiangusha ni mfalme mwenye nchi. Ndicho kisa ninachotaka kuwasimulia, lakini kwanza tulielewe jengo, maana bila jengo vita yenyewe haieleweki.

Ngome iko pale kwa sababu ya daraja. Warumi walipitisha barabara yao ya kutoka pwani ya Dover kwenda London, na ilibidi ivuke Medway mahali fulani, ikavuka hapo. Aliyeshika daraja alishika njia ya London. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 hawakuhitaji kuelezwa mara mbili, wakaweka ngome. Ya mawe ikaja kama miaka 20 baadaye, na namna ilivyopatikana inachekesha kidogo. Gundulf, askofu wa Rochester, alitaka mfalme William wa Pili aidhinishe shamba la Haddenham liwe mali ya kanisa. Mfalme akataka pauni 100. Wakavutana, mwisho wakaafikiana: askofu asilipe kitu, ila amjengee mfalme ngome ya mawe hapo Rochester kwa pauni 60. Gundulf hakuwa askofu wa kushika rozari tu. Ndiye huyo huyo aliyesimamia ujenzi wa White Tower kule London. Fundi mwenye kofia ya uaskofu.

Kazi ya Gundulf ni ukuta wa nje, na kipande chake kimekalia msingi wa ukuta wa Warumi. Mnara mkuu ni wa baadaye. Mwaka 1127 mfalme Henry wa Kwanza aliikabidhi ngome kwa askofu mkuu wa Canterbury, William de Corbeil, na kwa waandamizi wake wote. Huyo ndiye aliyeuinua mnara. Kila upande una futi 70, mita 21 na ushee. Kimo mpaka ukingo wa juu ni futi 113, na ukijumlisha buruji za kwenye kona unafika 125, kama jengo la ghorofa 12 la leo. Ukuta wa chini una unene wa futi 12. Chumba changu cha kulala hakifiki hapo.

Ndani ni uwazi mtupu. Paa hakuna, sakafu za mbao zilishaondoka zamani. Unasimama chini, unainua shingo, unaona meko ya kuotea moto yamebaki ukutani, moja juu ya jingine, hayana sakafu mbele yake, na njiwa wamejipangia humo. Mistari ya matundu ya mraba ndiyo inayokuonyesha boriti za kila ghorofa zilipoingia. Katikati kuna ukuta mwingine mzito unaoupasua mnara mapande mawili toka chini mpaka juu. Ukumbukeni huo ukuta wa kati, nitaurudia. Na ndani ya huo ukuta wamepitisha kisima: shimo linapanda lote, na kila ghorofa ina kidirisha chake cha kuteremshia ndoo. Aliyekaa ghorofa ya juu hakuhitaji kushuka uani kuteka maji.

Chakula kinaungua, narudi baadaye.

#2 – Mdau

Kona imeangushwa na mfalme mwenye nchi? Alikuwa anabomoa nyumba yake mwenyewe? Mkuu usituache hewani.

#3 – Mdau mwingine

Nimeona "kitimoto" kwenye kichwa cha habari nikaingia mbio nikijua ni bei imepanda. Haya, nishaingia, endelea.

#4 – Mleta uzi

Nimerudi.

Juni 1215, kwenye uwanda wa Runnymede, mfalme John alibanwa na makabaila wake mpaka akaikubali Magna Carta. Wengi tunaijua hiyo hati kwa sifa zake, kwamba mfalme naye yuko chini ya sheria. Kisichosemwa sana ni kwamba haikumaliza hata majira ya joto. Agosti Papa Innocent wa Tatu aliitangaza batili, John akaanza kukusanya mamluki kutoka ng'ambo, na makabaila wakaona waiwahi njia ya London kabla hajaishika yeye.

Njia ya London ni wapi? Daraja la Medway.

Ngome ilikuwa chini ya askofu mkuu Stephen Langton, ambaye John alikuwa hamwamini hata chembe. Msimamizi wake, Reginald wa Cornhill, aliwafungulia waasi lango. Akaingia William d'Aubigny, bwana wa Belvoir, na wapiganaji wa farasi kati ya 95 na 140, kutegemea unamsoma mwandishi gani wa zama zile, pamoja na wapiga upinde na watumishi. Walipofika ndani walikuta ghala ni tupu. Silaha chache, chakula haba. Baadhi yao walitaka kugeuza siku hiyo hiyo, d'Aubigny akawashika mashati. Wakaporapora mjini wapate cha kuweka akiba, na kabla hawajashiba John akawa amefika. Hiyo ni katikati ya Oktoba.

John wana historia humchora kama mfalme goigoi. Kwa siku zile ninamtetea: alijua anachofanya. Kwanza akavunja daraja, London isilete msaada. Kisha tarehe 14 Oktoba akawaandikia watu wa Canterbury wafue masururu usiku na mchana, mengi kadiri watakavyoweza, wamletee. Ukisoma amri hiyo unajua mtu huyu tangu siku ya kwanza alikuwa na mpango wa kuchimba. Akasimamisha mitambo mitano ya kurusha mawe, ikawa inatwanga zamu kwa zamu. Kanisa kuu, ambalo liko hatua chache tu kutoka ngomeni, likaporwa. Wenzao waasi wa London walitoka kuja kuwaokoa, wakafika Dartford, wakasikia hali ilivyo, wakarudi zao.

Mawe ya mitambo hayakuutisha mnara. Futi 12 za mawe na chokaa zinameza kila unachozirushia. Wachimbaji ndio waliofanya kazi. Walianza na ukuta wa nje, ukatoboka, d'Aubigny na watu wake wakajifungia mnarani. Kisha wachimbaji wakaingia chini ya mnara wenyewe, kona ya kusini-mashariki.

#5 – Mdau, fundi ujenzi

Mimi ni mwashi, niruhusu nichangie kwa nini kona. Kwenye nyumba ya mawe kona ndiyo inayobeba kuta mbili. Ukiondoa udongo katikati ya ukuta, mawe ya huku na huku yanasaidiana, yanaweza kujifunga kama tao na ukuta ukabaki umening'inia. Ukiondoa chini ya kona, haina wa kuegemea. Inakuja yote, na inavuta kipande cha kila ukuta. Tena kona ya mraba jiwe lake limeonyesha nyuso mbili nje, mwenye mtaimbo anaweza kulibandua kutoka huku au kutoka kule. Huyo mfalme alikuwa na mafundi.

#6 – Mleta uzi

Asante sana fundi, umenipunguzia kazi.

Sasa kitimoto. Chini ya msingi unachimba pango, na kila unapoondoa udongo unasimamisha gogo lishike mzigo, usije ukajizika mwenyewe. Pango likitosha, mnara wote wa kona unakuwa umekaa juu ya magogo, juu watu hawajui. Halafu unajaza kuni na vitu vya kuwaka, unatia moto, unakimbia. Magogo yakiungua, kona inashuka.

Shida ni kwamba chini ya ardhi kuni mbichi za Novemba haziwaki vizuri. Tarehe 25 Novemba John akamwandikia waziri wake mkuu, Hubert de Burgh, amtumie kwa haraka, usiku na mchana, nguruwe 40 walionona kuliko wote, wa ile aina isiyofaa sana kwa kula, ili atie moto chini ya mnara. Amri hiyo imehifadhiwa kwenye kumbukumbu za serikali mpaka leo. Mimi ninachokipenda ni yale maneno ya katikati, kwamba wawe wa aina isiyofaa kwa kula. Mfalme ana vita, ufalme unamponyoka, lakini bado anakumbuka nyama nzuri isiteketee bure. Mtu wa bajeti.

Mafuta yao yakapakwa na kumwagwa kwenye magogo, moto ukawashwa, kona ikaporomoka.

#7 – Mdau mwingine

Na hapo ngome ikatekwa, mwisho wa habari. Kitimoto oyee.

#8 – Mleta uzi

Hapo ndipo wengi wanapokosea, hata vibao vya watalii na video za mitandaoni huwa zinaishia hapo: nguruwe waliangusha ngome. Hawakuangusha. Walioangusha kona ni wao, ngome haikuanguka.

Mnakumbuka ukuta wa kati? Kona ilipoporomoka, watu wa d'Aubigny walirudi nyuma ya ule ukuta, wakaziba milango yake, wakaendelea kupigana. Nusu ya mnara iko wazi kwa adui, nusu nyingine bado wanayo. Na kisima, kama nilivyosema, kiko ndani ya ukuta wenyewe, kwa hiyo maji wanayo. De Corbeil, aliyekuwa kaburini karibu miaka 80, aliwaokoa kwa mchoro wake.

Ila hakuwaachia chakula. Walishakula farasi wao. Farasi wa vita, si punda wa kubebea maji. Kwa mpiganaji wa wakati ule ni kama mtu wa leo achinje gari lake la mkopo. Wakaanza kutoa nje wale wasioweza kupigana, wapunguze midomo. Mwandishi mmoja wa zama hizo anasema baadhi ya waliotolewa John aliwakata mikono na miguu. Tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, waliobaki wakasalimu amri. Wiki saba.

John alitaka kuwanyonga wote. Savari de Mauléon, kapteni wake mmoja kutoka Ufaransa, akamwambia: leo ukinyonga hawa, kesho wakitukamata sisi watatufanya hivyo hivyo, na hapo nani atabaki kukupigania? Hoja ya tumbo, siyo ya huruma, na ilimwingia. Wakubwa wakatupwa magerezani. Akanyongwa mmoja tu, mpiga upinde ambaye inasemekana John alimlea tangu utotoni. Huyo alimuuma kuliko makabaila.

Kuna kisa cha mwandishi Roger wa Wendover kwamba wakati wa mzingiro mpiga upinde mmoja wa ngomeni alimwona John akitembea chini, akamwuliza d'Aubigny kama amtungue. D'Aubigny akamkataza: mfalme ni mpakwa mafuta wa Mungu. Wendover alipenda kukoleza chumvi, kwa hiyo mchukue kwa kipimo chako. Lakini unaposimama kwenye kidirisha cha juu ukaangalia uani, unaona kabisa kwamba umbali ule ni wa kupiga.

#9 – Mdau kutoka Mombasa

Ndugu yangu, shukran kwa simulizi. Sisi huku twaitazama Fort Jesus kila siku, na haina mnara mrefu kama huo. Pembe zake ni zenye ncha, si mraba wala si duara. Je, ni kwamba Mreno alijenga tofauti na Mwingereza, au ni zama?

#10 – Mleta uzi

Ni zama, kaka. Katikati ya hizo ngome mbili kuna baruti. Rochester ni ya wakati ambao hatari yako ni ngazi, mawe ya mitambo na wachimbaji, kwa hiyo unakwenda juu. Mreno alipoanza Fort Jesus mwaka 1593, akichorewa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan, mnara wa futi 113 ungekuwa shabaha tu ya mizinga. Kwa hiyo ukuta ukashuka, ukanenepa, na pembe zikapewa ncha ili mizinga ya upande mmoja ifagie uso wa upande mwingine, pasibaki mahali pa adui kujificha. Hilo la kujificha ndilo tatizo lile lile la kona ya mraba ya Rochester, ila limetatuliwa kwa akili ya miaka 400 baadaye.

Na hata hiyo, Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 haikutoka kwa kubomolewa. Ilichukua karibu miaka mitatu, mpaka Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliishiwa kwa njaa na maradhi. Jiwe halili, anayelilinda anakula.

#11 – Mdau, fundi ujenzi

Sawa. Sasa turudi kwenye kona. Nani aliijenga duara na lini?

#12 – Mleta uzi

Mtoto wa yule yule aliyeibomoa. John alikufa Oktoba 1216 nchi ikiwa bado vitani, na Rochester ilishachukuliwa tena, safari hii na Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa ameitwa na makabaila. Henry wa Tatu alirithi akiwa mtoto wa miaka tisa. Mambo yalipotulia, serikali yake ikaanza kuikarabati Rochester, kazi iliyokwenda miaka ya 1220 mpaka ya 1230. Kona ikainuliwa kwa umbo la duara, ambalo ndilo lililokuwa fasheni ya ngome wakati huo: jiwe la mtambo likiligonga linateleza, mchimbaji hapati pembe ya kubandulia, na aliye juu anaona pande zote chini yake. Unaposimama uani, mkono wako wa kushoto una mwaka 1127, wa kulia una miaka 100 baadaye, na mshono wao unauona kwa macho.

Nimesahau kusema kitu kuhusu Hubert de Burgh, yule aliyeagizwa nguruwe. Mwaka 1216 yeye ndiye aliyekuwa anailinda ngome ya Dover, Louis alipoizingira. Wachimbaji wa Louis wakaangusha mnara mmoja wa lango la kaskazini kwa mbinu ile ile. Hubert na watu wake wakaziba tundu kwa magogo na boriti, wakapigana hapo hapo, Dover haikuingiliwa. Mimi huwa najiuliza kama siku ile alikumbuka barua ya nguruwe.

#13 – Mdau

Hiyo kona mpya iliwahi kujaribiwa?

#14 – Mleta uzi

Iliwahi, kwa namna fulani. Aprili 1264 kulikuwa na uasi mwingine, safari hii Simon de Montfort na Gilbert de Clare dhidi ya huyo huyo Henry wa Tatu. De Montfort alivuka mto kwa kusukumia darajani chombo kilichojazwa kuni zinazowaka, watu wake wakapita nyuma ya moshi. Wakauteka ua wa nje, mlinzi Roger de Leybourne akajifungia mnarani. Wiki moja na siku kadhaa, wachimbaji wakiwa wameshaanza kazi, ikaja habari kwamba jeshi la mfalme liko njiani, wakafungasha. Mnara ulibaki.

Baada ya hapo ikatelekezwa. Karibu miaka 100 hakuna aliyetia mkono wa maana, mpaka Edward wa Tatu alipoifanyia matengenezo makubwa kuanzia 1367. Wakulima waasi waliivamia mwaka 1381 na kumtoa mfungwa wao. Mwaka 1610 mfalme James wa Kwanza akaigawa kwa mtu binafsi, na kuanzia hapo ikawa machimbo ya mawe na mbao za kuuza. Leo ua wake ni bustani ya mji. Juzi nimekuta bibi mmoja amelaza kitandiko chake chini kabisa ya kona ya duara, anamenya yai.

#15 – Mdau mwingine

Swali la mwisho, wale nguruwe walipelekwa pangoni wazima wazima wakiwashwa moto? Kuna mtu aliniambia hivyo.

#16 – Mleta uzi

Hiyo ni ya kwenye video. Nguruwe mzima anayeungua hakai mahali pamoja kukusubirishia gogo. Wangechinjwa na kutolewa mafuta, na barua yenyewe imeomba wanono kwa sababu hiyo. Mwenye kuchoma kitimoto humu anajua mafuta yale yakidondokea mkaa yanafanyaje.

#17 – Mdau

Na mimi langu moja tu. Kama duara ni bora kiasi hicho, kwa nini Henry hakuzifanya kona zote nne?

#18 – Mdau, fundi ujenzi

Hili niachieni mimi. Mteja ana kona tatu nzima zimesimama. Unamwambia tubomoe zote ili zifanane na hii moja. Anakuuliza: nani analipa?